Masikio ya Mtoto na Ndimi Zetu



Tumeulizwa na mzazi mmoja wa hapa Kibokoni. Mwanawe amezaliwa na masikio yaliyotokeza sana. Wenziwe chuoni wamwita popo, na sasa hataki tena kwenda kusoma. Je, ni halali apasuliwe yarudishwe nyuma?

Wako waliomjibu upesi kuwa ni haramu, kwani ni kugeuza maumbile ya Mwenyezi Mungu, nao washika aya ya 119 ya Suratun-Nisaa. Ni kweli aya yakataza hayo, na Hadithi ya Ibn Masuud katika Bukhari na Muslim yawalaani watengao meno kwa ajili ya urembo. Lakini Mtume (S.A.W.) huyo huyo alimwamrisha Arfaja, aliyekuwa amekatwa pua vitani, avae pua ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Basi kuondoa dhara si sawa na kutafuta urembo. Kwa msingi huo wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi, waliokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, waliruhusu kutengeneza kasoro ya kuzaliwa yenye kumdhuru mtu mwilini au nafsini, wakakataza kubadili umbo la kawaida kwa kufuata matamanio.

Mzazi na ajue pia haya. Mtoto mchanga, katika wiki zake za mwanzo, gegedu la sikio lake ni laini, na daktari aweza kulielekeza kwa kifungo pasi na kisu. Akishapita hapo, hungojewa afike kama miaka mitano au zaidi, sikio likaribie kutimia. Upasuaji huo hauzidishi kusikia, wala haukosi hatari ya jeraha kuoza. Asiharakishwe mtoto ambaye mwenyewe hana dhiki.

Lakini twauliza: dhiki hii ameitia nani? Masikio yale yasikia adhana kama yetu. Suratul-Hujurat, aya ya 11, yatukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Nasi barazani twamwita huyu Chongo, yule Kigulu, na watoto wetu wasikia. Mwalimu asikiaye hayo chuoni akacheka, naye ana sehemu yake katika dhambi.

Basi mzazi na aanze kwa mwalimu, kisha aende kwa daktari mjuzi. Nasi tuanze kwa vinywa vyetu, leo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.