Kipimo cha Serikali na Haki ya Jirani

Ndugu yetu mmoja wa pwani, ambaye hununua omena kisiwani Rusinga, ametuletea swali. Meli zipakiazo petroli katika gati la mafuta la Kisumu, lililokamilika mwaka 2018, ziendapo Uganda hupita katika mlango wa maji ulio baina ya Rusinga na Uyoma. Auliza: ikiwa mwenye matangi na mwenye meli wanacho cheti kwamba hewa waitoayo haikuzidi kipimo cha Serikali, je, jirani amebakiwa na haki yo yote juu yao?

Swali hili ni letu sisi kuliko la Rusinga. Meli ipitayo huacha mvuke haba, na upepo wa ziwa huutawanya. Mvuke mwingi hutoka penye kupakia: petroli iingiapo katika tangi tupu huisukuma nje hewa iliyomo, nayo imejaa mvuke wa petroli, na ndani ya mvuke huo mna benzeni, ambayo waganga wamethibitisha kwamba huleta saratani ya damu. Basi na tutazame Changamwe, ambako mafuta yalisafishwa tangu mwaka 1963 hata 2013, na matangi yangalipo.

Kenya iliweka Kanuni za Ubora wa Hewa mwaka 2014, nasi twashukuru kwa hilo. Lakini msomaji atazame jambo moja: mipaka yake haikuwa sawa kila mahali. Mahali pa viwanda paliruhusiwa uchafu zaidi kuliko mahali pa makazi. Pafu la mtoto aliyezaliwa nyuma ya matangi si gumu kuliko pafu la mtoto wa Nyali. Kilichobadilika ni rangi ya ramani.

Madhehebu yetu ya Shafii ni mapana kwa mwenye mali kuliko wengi wadhaniavyo. Imam Nawawi katika Minhaj amemjuzishia mtu kuigeuza nyumba yake iliyozungukwa na makazi iwe hamamu, na duka lake lililo kati ya wauza nguo liwe la mhunzi. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kazi yenye moshi imekatazwa. Bali ruhusa hiyo imefungwa kwa sharti: mwenye kazi ajihadhari, na aziimarishe kuta zake. Sharti hilo liko shingoni mwake tangu siku ya kwanza. Hangojei jirani akohoe, wala mkaguzi abishe hodi.

Na ukuta wa petroli ni upi? Matofali hayazuii mvuke. Ukuta wake ni paa lielealo juu ya mafuta ndani ya tangi, lisiache nafasi ya mvuke kukusanyika. Ni bomba la pili liurudishalo mvuke wakati wa kupakia, ukageuzwa tena kuwa petroli. Ni kulijaza lori kwa chini badala ya kumwaga kwa juu. Ni kuzikagua vali na viungo mara kwa mara. Mambo haya yajulikana na yatumika duniani miaka mingi. Aliyeyaacha, hali aweza, hakuimarisha ukuta, hata kama kipimo kilichowekwa uani siku ile kilisoma chini ya mpaka. Huenda siku ile upepo ulielekea kwingine.

Watu wengine husema: gharama itapanda, na maskini ndiye atakayeilipa. Neno hili lina ukweli kiasi. Lakini mvuke upoteao ni mali ya mwenyewe, na urudishwapo humrejeshea sehemu ya gharama yake. Hiyo ibakiayo, ni bora ibebwe na wanunuzi wote kwa senti chache, au na vifua vya watu wachache wakaao karibu? Leo vifua ndivyo viibebavyo, wala hapana aiandikaye katika daftari.

Yuko pia aliyetukumbusha kwamba wavuvi wa omena wenyewe wamewasha karabai za mafuta ya taa miaka mingi. Ni kweli; ila moshi wa karabai humpata kwanza aliyeiwasha, naye hurudi na samaki. Jirani wa tangi hana samaki.

Jawabu yetu, basi, ni kwamba cheti chamwokoa mwenye matangi mbele ya mkaguzi, lakini jirani angali na haki ya kumwuliza juu ya ukuta. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 70 kimemfungulia mlango wa mahakama bila ya kumlazimisha athibitishe kwamba yuko mtu aliyekwisha kudhurika. Watu wa Owino Uhuru hapa Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi ya kiwanda cha betri, mahakama iliwaamulia shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Lakini wao walikwenda wakiwa na wagonjwa mikononi. Mkazi wa Changamwe au wa Kisumu aweza kwenda leo, angali mzima, akauliza mvuke warudishwa kwa bomba lipi.