Kodi na Wizi: Mas'ala ya Kahawa ya Karagwe

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, jua ewe msomaji ya kuwa watu wa biashara huuliza sana: mali ikichukuliwa na serikali pasipo ridhaa ya mwenyewe, je, huo si wizi?

Zamani misafara ya pwani ilitozwa hongo na watawala wa bara. Mwingereza Speke, aliyesafiri pamoja na watu wa pwani mwaka 1861, aliandika kwamba walitozwa hongo nzito Usui. Lakini walipoingia Karagwe, nchi ya mfalme Rumanyika, waliambiwa ya kuwa huko mgeni hatozwi kitu, ila zawadi hupeanwa. Nalo neno hongo, tazama lilivyoanguka: leo ni jina la rushwa.

Sasa Karagwe, na Kyerwa iliyotengwa nayo mwaka 2012, ni nchi ya kahawa, na kahawa ina ushuru wa halmashauri. Ulikuwa hata asilimia 5 ya bei. Mwaka 2017 ukapunguzwa ukawa 3. Alipaye ni mnunuzi, lakini uzito wake humrudia mkulima katika bei. Kwa hiyo wako waliovusha kahawa kwa siri kwenda Uganda, nao husema: "Serikali yatuibia, nasi twajiokoa."

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, wizi ni kuchukua mali ya mtu kwa siri kutoka mahali pa hifadhi yake. Kodi hutozwa mchana, kwa daftari na stakabadhi. Basi kwa tamko la sheria si wizi. Lakini mtoza kodi asifurahi upesi. Kutwaa mali kwa nguvu pasipo haki ni ghasbu, na Mtume amewahofisha watoza maksi kwa kukosa Pepo.

Basi mpaka u wapi? Imamu Ghazali aliruhusu matajiri watozwe mali iwapo hazina ni tupu na nchi yahitaji kulindwa. Na imesimuliwa kwamba Sultani Baybars alitaka fatwa ya kuwatoza watu wa Sham kwa vita vya Watatari. Wanazuoni wengine walitia saini. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, akakataa. Alimtaka Sultani kwanza atoe dhahabu ya mamluki wake na vito vya vijakazi wake. Hayo yakiisha na haja ikabaki, ndipo atakapotoa fatwa.

Hiyo ndiyo mizani. Kodi yenye haja ya kweli, yenye kipimo kijulikanacho, na yenye kurudi kwa watu kuwa barabara na zahanati, ni haki. Ikiliwa na wakubwa, ni dhuluma, hata ikiwa na stakabadhi.

Na mvushaji je? Aliyedhulumiwa ana haki ya kulalamika, na mlango wa mashtaka ni wa mchana. Lakini yeye hutembea usiku. Na akikamatwa njiani hutoa hongo apite. Amekataa kulipa kwa daftari, amelipa gizani. Na alilolikimbia kwa jina la wizi amelilisha kwa mkono wake. Wala zahanati ya kijiji chake haikupata kitu.

Mwenye kutoza na amche Mungu katika anachokichukua, na mwenye kutozwa amche Mungu katika anachokificha. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.