Kutawakali si Kujitupa Hatarini

UVIKO-19 ilipoingia Tanzania, Machi 2020, wenye ugonjwa wa kisukari walikuwa miongoni mwa waliokabiliwa zaidi na hatari ya kufa, kwani sukari ikizidi katika damu hudhoofisha kinga ya mwili. Hata hivyo, huku Kyela, pwani ya Ziwa Nyasa, wapo wasemao: "Siku yangu ikifika, imefika," wakaacha dawa.

Hiyo si tawakali. Mtume Muhammad s.a.w. alimwagiza bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Nasi wakulima wa mpunga twaomba mvua, lakini majaruba twayalima wenyewe.

Basi mwenye kisukari asiache dawa wala kliniki, apunguze wali, na tabibu akimkataza kufunga Ramadhani, asifunge: Kurani Tukufu yampa mgonjwa ruhusa. Na wewe uliye mzima, ukipatwa na homa na kikohozi wakati wa maradhi ya kuambukiza, usimkaribie mzee wako mwenye kisukari. Wewe waweza kupona. Yeye huenda asipone. Uhai wake ni amana mikononi mwako, na kila amana itaulizwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuihifadhi. Amin.