Mahadhi Kabla ya Neno

Mali ya yatima hailiwi, hata kama yatima mwenyewe hajui kuwa ana mali. Hilo kila mtu hulikubali, kwa kuwa shamba lipo, minazi ipo, na siku moja mtoto atakua aulize. Lakini je, mtu aweza kudhulumiwa kitu kisichoonekana wala kuhesabika, ambacho yeye mwenyewe hatakumbuka kamwe kuwa aliwahi kuwa nacho? Swali hili laonekana kuwa la wanafalsafa wenye wasaa wa kukaa barazani. Lau lingechukuliwa hadi Same, chini ya milima ya Upare, lingeonekana lina nyumba na wenyewe.

Mji wa Same umekaa penye ukame, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Juu yake Upare ya Kusini hupanda hadi kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400, kwenye misitu na baridi. Mlimani huzungumzwa Chasu, ambayo wageni huiita Kipare. Mjini hutawala Kiswahili. Mja mzito wa mjini, mimba yake ikiwa ya miezi minane, aweza kusikia lugha zote mbili kwa siku moja: Kiswahili cha sokoni na cha kliniki, na Chasu ya mama mkwe aliyeteremka kutoka Vudee au Mamba kuja kumsaidia kazi. Anayesikia si yeye peke yake.

Kiumbe aliye tumboni huanza kusikia kati ya wiki ya 24 na ya 28. Majuma hayo ndiyo ambayo gamba la ubongo wake, lililokuwa nyororo, huanza kujikunja na kufanya mabonde na matuta. Kati ya wiki ya 29 na ya 40 sehemu ya kijivu ya gamba hilo huongezeka takriban mara nne. Na wiki ya 35 ubongo wote una kama theluthi mbili tu ya uzito utakaokuwa nao mimba itakapotimia. Mtoto njiti huimaliza kazi hiyo nje, na kifua cha mama anachofungwa, ngozi kwa ngozi, humpa joto, na humrudishia pia sauti aliyoizoea.

Anachokisikia mle si maneno. Maji ya chupa na mwili wa mama huzizuia sauti nyembamba. Konsonanti nyingi hupotea njiani, vikabaki kiimbo, mkazo na mwendo. Mpenzi wa ushairi aliyewahi kusikiliza utenzi ukighaniwa chumba cha pili, mlango umefungwa, aijua hali hiyo: neno halishikiki, ila mizani yahesabika, na mwisho wa ubeti watambulikana. Mtoto hukaa katika chumba hicho cha pili kwa miezi mitatu hivi. Wala hatoki mikono mitupu. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer, wa Marekani, walionyesha kuwa vichanga wasiotimiza siku tatu hubadili namna wanavyonyonya chuchu bandia ili wasikizishwe sauti ya mama badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mwaka 2009 Kathleen Wermke na wenzake walipima vilio vya vichanga 60, nusu Wafaransa na nusu Wajerumani: vya Kifaransa vilielekea kupanda, vya Kijerumani vilielekea kushuka, kama zifanyavyo sentensi za lugha hizo. Kumbe hata kilio kina lafudhi.

Sasa, Chasu ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana. Kiswahili kiliiacha toni zamani, kikabakiwa na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mzazi wa Same anapoamua kuwa nyumbani isisikike ila lugha ya shuleni na ya kazi, anachokiweka kando si msamiati tu, maana msamiati mtu aweza kujifunza ukubwani. Ni wimbo wenyewe. Chasu haikukosa wa kuiandika. Ernst Kotz, mmisionari Mwadventista, alichapisha sarufi yake mwaka 1909. Lakini kitabu hakifiki masikioni mwa asiyezaliwa. Na kaskazini mwa milima hiyohiyo Kigweno, kilicho jamaa ya Kichaga, kimekuwa kikiachwa na vijana kwa Chasu na Kiswahili.

Mtu atasema: mtoto atasahau, na kilichosahauliwa hakidaiwi. Hoja hii ilikuwa na nguvu. Mwaka 2014 watafiti wa Montreal walichapisha habari za wasichana waliozaliwa China, wakalelewa na familia za Kifaransa tangu umri wa mwaka mmoja hivi, wasijue tena hata neno moja la Kichina. Waliposikilizishwa toni za Kichina, ubongo wao ulizipokea kama unavyozipokea ubongo wa mzawa wa lugha hiyo. Na mwaka 2017 ilionekana Uholanzi kuwa watu wazima waliotolewa Korea wakiwa vichanga, wengine hawajatimiza miezi sita, hujifunza kutamka sauti za Kikorea vizuri kuliko Waholanzi wenzao. Mwenye mali amesahau. Mali haikusahau njia.

Basi deni lipo. Lakini ni la nani? Ni rahisi mno kumtwisha mama, ambaye tayari amebeba vya kutosha, na ambaye huzungumza lugha inayomuuzia nyanya zake. Kiswahili nacho si mwizi. Kilipanda milima ile kama mgeni, kikakaribishwa, na Mpare aliyekichagua hakukosea. Deni ni la nyumba nzima: la mume anayeona aibu kujibu kwa Chasu mbele ya rafiki zake, la bibi anayeambiwa anyamaze asimchanganye mtoto. Nalo ni dogo, halidai shule wala bajeti. Ladai watu wazungumze. Mtu wa pwani anayemwadhinia mtoto mchanga sikioni hangoji kwanza aelewe, wala hamtarajii akumbuke.

Lipo jambo moja ambalo linaitatiza hesabu hii. Wambugu wa Usambara, ambao kwa masimulizi yao walipita Upare na kukaa huko, wana usemi wenye maneno mengi ya asili ya Kikushi, wakati sarufi na toni zake ni za jamii moja na Chasu. Maneno waliyang'ang'ania, mahadhi waliyaacha yawe ya jirani. Nao hujihesabu kuwa Wambugu, wala si Wapare.