Barua Yenye Muhuri

Somo: 1 Wafalme 21:1–16



Habari ya Nabothi tumehubiriwa mara nyingi, na karibu kila mara lawama huishia kwa Ahabu na mkewe. Mfalme alitamani shamba la mizabibu lililokuwa karibu na jumba lake, alifanye bustani ya mboga. Nabothi akakataa, kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Yezebeli akapanga mauti. Hayo ni kweli. Lakini safari hii tunaomba tukae kidogo kwenye mstari wa 8 mpaka wa 13, maana hapo wanaotenda si wafalme tena. Ni wazee wa mji.

Yezebeli hakutuma askari. Aliandika barua kwa jina la Ahabu, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakuu waliokaa mji mmoja na Nabothi. Hao walikuwa majirani zake. Wakatangaza mfungo, wakamketisha mbele ya watu kana kwamba wanamheshimu, wakaleta mashahidi wawili wa uongo, wakamtoa nje ya mji wakamwua kwa mawe. Hatusomi popote kwamba mzee hata mmoja aliuliza swali. Tena tusiupite mfungo ule haraka. Jambo la dini lilitumika kuyafunika mambo, ili atakayepinga aonekane anapingana na Mungu. Na ukiendelea mpaka 2 Wafalme 9:26 utaona kwamba damu ya wana wa Nabothi nayo ilimwagwa, maana mrithi akibaki, shamba lina mwenyewe.

Sisi nasi tuna barua zenye muhuri. Mtu akifa hapa kwetu Kenya bila kuacha wosia, na jamaa wakitaka kufungua kesi ya urithi, hutakiwa barua ya chifu inayowataja warithi wote wa marehemu. Chifu hawezi kuwajua watoto wa kila boma, kwa hiyo yeye au naibu wake huwauliza wazee wa ukoo na majirani. Yanayosemwa pale uani ndiyo yanayoandikwa, na yanayoandikwa ndiyo anayoyasoma hakimu. Haki ya mtu inaweza kupotea kabla faili haijafunguliwa.

Mwaka jana tuliitwa kwenye kikao cha namna hiyo, nyumbani kwa ndugu yetu mmoja tuliyemzika sisi wenyewe. Tuliombwa tufungue kwa sala, tukafungua. Yakasomwa majina ya wana wanne. Binti watatu hawakutajwa, hata yule aliyerudi nyumbani kumwuguza baba yake miaka miwili, ambaye wakati huo alikuwa jikoni akitupikia chai. Sote tulijua. Tulikuwa tukisikia sufuria zake. Mzee mmoja alisema, "Hao wataolewa," ingawa wawili wana wajukuu tayari na wa tatu amepita miaka hamsini. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyejibu. Tukafunga kwa Neema, tukanywa chai, tukaenda zetu. Wapendwa, tangu siku ile tukiisoma habari ya Nabothi hatuna haja ya kuuliza sisi ni akina nani ndani yake. Sala yetu ilikuwa ule mfungo wa Yezreeli.

Wala hatuwezi kusema hatukujua sheria. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 inasema juu ya watoto, haisemi juu ya wana wa kiume tu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inampa mwanamke na mwanamume haki iliyo sawa, na kifungu cha 60 kinataka kuondolewa kwa mila zinazombagua mtu katika ardhi kwa sababu ya jinsia yake. Wako wanaotuambia kwamba hayo yote yamekuja na Wazungu. Binti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa na kuhani Eleazari na mkutano wote, wakaomba sehemu ya urithi wa baba yao, na Bwana akamwambia Musa kwamba wamenena haki. Someni Hesabu 27. Ni habari ya kale kuliko Mzungu yeyote aliyefika huku.

Wengine huuliza kama kazi hii ni ya kanisa. Wenye umri kama wetu wanaukumbuka mlolongo. Februari 1988, katika uteuzi wa chama kwa ajili ya uchaguzi mkuu, hatukupewa karatasi ya kura. Tulipanga mstari hadharani nyuma ya mgombea au mtu wake aliyeshika picha, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa ameshinda bila kwenda kwenye kura ya siri. Wapo kati yetu waliosimama mstari wasioutaka, kwa kuwa mwenye shamba walilokodi alikuwa pembeni akiangalia. Maaskofu wetu, Henry Okullu wa Maseno Kusini, Alexander Muge wa Eldoret na David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki, walisema waziwazi kwamba jambo hili linamtia mtu woga wa jirani yake. Walitukanwa sana. Aprili 1989 watu waliivamia nyumba ya Askofu Gitari usiku, na yowe lilipopigwa majirani walikuja. Chama kiliuacha mlolongo Desemba 1990, na leo kura ya siri imo katika Katiba. Tunawasifu maaskofu hao, na ni haki yao, lakini wale majirani waliotoka vitandani kwa sababu ya yowe hatuwataji kwa kawaida.

Mwezi uliopita tulikwenda kwa binti yule kumwomba radhi. Hakutukaripia. Alituuliza tu kama tulikuwa tumelisahau jina lake, maana ubatizo wake ulikuwa katika kanisa letu. Tuliporudi tulifungua daftari la ubatizo, na kweli wamo watoto wote saba, kila mmoja na jina la baba yake na tarehe. Tumempa nakala. Tumemweleza pia kwamba maombi ya urithi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na kuachwa siku 30 kwa mwenye pingamizi, na kwamba hata hati ikishatolewa, mahakama inaweza kuifuta ikionekana warithi walifichwa. Wazee watatu wa kanisa wamekubali kwenda kwa chifu kuyasema majina saba, ingawa mmoja wao ni wa ukoo uleule na anajua atakavyosemwa.

Jamaa wanakutana tena Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Tumeombwa tufungue kwa sala. Mtuombee.