Je, Desturi ya Kulimiana Ni Dhambi?

Hapa Mjimwema, katika nchi ya Wabena, wazee wetu walilimiana mashamba. Mwenye shamba aliwaita jirani zake, nao walipokwisha kulima wakanywa ulanzi, maji ya mwanzi mchanga, yaliyo matamu yakigemwa, na makali yakikaa. Basi Wakristo wengine huuliza: Je, tuiache desturi hii kwa sababu ya ulevi? Nami nawauliza: Shamba la mjane litalimwa na nani? Ulevi tuuache, bali jembe tusilitupe. Akaaye nyumbani ili asilewe, na jirani yake akalala njaa, ameikimbia dhambi moja akaingia katika nyingine. Mvua zikianza, twende tukalime; bakuli la uji latosha kuwa shukrani.