Mpumzisheni Mtoto wa Mpira

Makocha wa Tarime na Serengeti, walimu wa michezo, wazazi mnaosimama kandokando ya kiwanja: nawasihi kwa ajili ya magoti ya watoto wetu. Mpumzisheni mtoto!

Itazameni wiki yake. Alfajiri anachota maji au anafungulia ng'ombe. Anapanda na kushuka vilima hadi shuleni. Saa kumi jioni mwalimu anampigia kipenga cha mazoezi ya UMITASHUMTA au UMISSETA. Akitoka hapo, kocha wa timu ya mtaani naye anamsubiri. Jumamosi mechi ya kirafiki, Jumapili ndondo, Jumatatu anaanza upya. Kila mkubwa amehesabu kipande chake tu. Mwili wa mtoto umebeba vyote.

Mtaniambia: mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli, nami sihubiri uvivu. Mkoa wetu ulikuwa na Biashara United katika Ligi Kuu tangu msimu wa 2018/19 hadi 2021/22, na tunatamani kurudi huko. Lakini tutarudi kwa miguu ya nani, ikiwa tunaimaliza kabla haijakomaa?

Sikieni jinsi mwili unavyofanya kazi. Msichana hurefuka kwa kasi kubwa karibu na miaka 12, mvulana karibu na 14. Wakati huo ncha za mifupa yake bado zina gegedu laini, na misuli iliyochoka huzivuta bila huruma. Ndiyo maana mtoto analalamikia maumivu chini kidogo ya goti, au kwenye kisigino. Hajalegea, wala hajarogwa. Amezidishiwa! Kumchua kwa nguvu na kumrudisha uwanjani jioni ileile ni kumuumiza mara ya pili. Na nguvu mnazozitafuta hazijengeki wakati anakimbia. Hujengeka baadaye, akila na akilala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku.

Ninyi ni wakulima na wafugaji. Nani kati yenu hulimisha maksai wake wiki nzima bila kumfungua nira? Torati yenyewe, ilipoamuru siku ya pumziko, ilimtaja ng'ombe na ikamtaja punda. Basi mwanao amekosa nini hata asistahili siku hiyo?

Fanyeni hivi. Chukueni daftari moja. Baada ya mazoezi mwulize mtoto: yalikuwa magumu kiasi gani, toka 0 hadi 10? Zidisha jibu lake kwa dakika alizocheza. Dakika 60 kwa ugumu wa 6 ni 360. Mechi ya dakika 70 kwa ugumu wa 8 ni 560. Jumlisha wiki nzima, mechi zote zikiwemo. Njia hii ilienezwa na mtaalamu Mmarekani Carl Foster, na haihitaji mashine yoyote. Wiki iliyopita ikiwa 1,500, wiki hii isiruke ikawa 2,500. Mtoto aliyetoka kuugua malaria, au aliyerudi kutoka likizo, aanze chini na apande taratibu.

Siku mbili ngumu zisifuatane. Saa zake za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi miaka yake: wa miaka 12 asipite saa 12. Na siku moja kila wiki, Jumamosi kwa Msabato, Jumapili kwa mwingine, asiguse mpira kabisa. Mnapopasha misuli, tumieni mazoezi ya FIFA 11+: ni ya dakika 20 tu, na yamethibitika kupunguza majeraha ya vijana.

Mwalimu wa shule na kocha wa mtaani, kaeni pamoja! Mtoto ni mmoja, na daftari liwe moja. Msigombanie mguu wake.

Kocha, Jumatatu hii, kabla ya kupiga kipenga, mwulize kila mtoto jana alicheza wapi. Aliyemaliza mechi jana apumzike, bila adhabu wala kebehi, na asipoteze namba yake kikosini. Nawe mzazi, ukiona mwanao anachechemea, nenda kamwambie kocha kwamba leo hachezi. Usione haya. Kikombe kitashindaniwa tena mwakani. Goti hilo hatapewa jingine.